Siku Niliyokaa Benchi

Mjukuu wangu Nekesa,

Natumaini kazi mpya huko Eldoret haikuchoshi sana. Sisi huku Kitengela, Kajiado, tuko salama, na mama yako amepona mguu.

Unaniuliza kama uache voliboli kwa vile sasa umeajiriwa. Mimi nilianza nikiwa tayari na kazi na mtoto, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba za kupanga. Nilikuwa kapteni. Lemayian, mtu wa hapa Kajiado, alikuwa mchezaji wetu wa akiba, na mara nyingi sikumwingiza.

Nyanya yako alipofariki, tulimpeleka nyumbani Bungoma. Timu yote ilisafiri nasi. Wakati wa kubeba jeneza, nilishika mbele. Lemayian akaja, akaviondoa vidole vyangu polepole kwenye mpini.

"Kapteni, leo kaa benchi. Nipe nafasi yako."

Nikamwachia. Wakalibeba wakiwa sita, kama uwanjani.

Mama yako alikuwa darasa la kwanza, amesimama peke yake kando ya kaburi. Hapo ndipo nilipopata mkono mtupu wa kumshika.

Usiache kucheza, mama.

Babu yako,
Wafula