Zebaki Katika Manyoya

Nizwa, Alhamisi

Kaka Marhoun,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Aija, Sur, wewe na binti yako Taghreed, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechoka.

Unakumbuka niliporudi kutoka barafuni, kaskazini kabisa ya dunia, ulivyonicheka ukasema nimesomeshwa nikahesabu ndege. Vindege vile ni vyepesi kuliko yai la kuku. Vinazaa huko, na baridi ikianza vinakuja kukaa bahari ya kwetu. Mimi na watafiti wenzangu tulikuta mayai yake hayaanguliwi, na manyoya yana sumu ya zebaki. Tukavifunga vifaa vya kuonyesha njia. Njia ikaishia Sur, pale bomba la kiwanda chenu linapomwaga maji baharini.

Nilipokueleza, uliniambia kwa upole kwamba maji yale yanapimwa kila mwezi na hayana kitu. Nikaitikia.

Kisha ripoti yetu ikatoka, na ndani yake vipimo vya kiwanda chenyewe, vya miaka minne, vinavyoonyesha zebaki na vyenye saini yako. Mkamshuku Firas, kwa kuwa ndiye mpimaji wa maji na ni mtoto wa shangazi yetu, mchumba wa Taghreed. Akafukuzwa kazi. Alipokuja kwako kuapa kwamba si yeye, ulimwambia mbele ya wazee kwamba binti yako haolewi na msaliti. Nilikuwa nyuma ya mlango na birika la kahawa, nasikia kila neno.

Kaka, Firas hakunipa kitu. Karatasi nilizitoa mimi ndani ya mkoba wako, ulipokwenda msikitini kusali Alasiri. Nilizipiga picha juu ya kitanda chako, nikazirudisha.

Kwa hilo sikuombi radhi. Ulijua miaka yote minne, na samaki wa maji yale ukimletea Mama kila Ijumaa. Ninaloona haya ni miezi saba ya kunyamaza.

Jana nilikwenda Ibra kwa Firas, nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza imekuwaje niliweza kuwasemea ndege, yeye nikashindwa kumsemea. Nikamwomba arudi kwa Taghreed. Akasema nyumba yetu hataingia tena, si kwako wala si kwangu.

Msomee Taghreed barua hii. Usipomsomea, nitakuja mwenyewe nimwambie. Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu, na salamu kwa majirani wanaoniulizia, kama bado wapo.

Dada yako,
Rumaitha