Alama Niliyoifuta kwa Kiatu

Jumapili, 2 Juni
Přerov, mji wetu huku Cheki. Mvua tu. Nimemuuzia mama mmoja mfuko wa mipira chakavu ya tenisi, ya mbwa wake kuchezea. Kauliza ilichezewa na bingwa gani. Nikamwambia, "Na mimi, mama. Mbwa wako atafika mbali kuliko mimi." Kacheka, kachukua na mfuko wa pili!

Kocha Otakar hakucheka. Ati nina miaka thelathini na mbili na bado nafanya vichekesho. Mwenyekiti wa klabu keshamwambia: nikitolewa mechi ya kwanza ya mashindano ya wiki hii, tena hapa nyumbani, kushindana kwangu basi. Nibaki klabuni kuwapigisha mpira mabinti wanaochipukia. Yaani niwe ukuta wa kupigia mpira. Ukuta unaopumua!

Jumatatu, 3 Juni
Nimepangiwa Vendula. Wa klabu yetu hiihii, miaka kumi na saba. Kukata mpira nimemfundisha mimi! Kantini kanipita na sahani yake: "Shangazi, mgongo vipi?" Si undugu, ni kunizeesha tu. Nikamwambia mgongo mzima, ila huo mdomo wako unataka kukandwa. Meza nzima ikacheka. Nimekula bakuli zima la supu ya kitunguu saumu, kesho asinisogelee kwenye wavu.

Jumanne, 4 Juni
Sitaki kuandika. Naandika.

Seti moja yangu, moja yake. Ya tatu naongoza tano kwa nne, naanzisha mimi, bado pointi moja tu mechi iwe yangu. Vendula kapiga mrefu — umetoka! Vidole viwili nje ya mstari, alama ya mpira ipo kwenye udongo wa uwanja kama kovu. Yeye mwenyewe keshaanza kuja wavuni kunipa mkono. Mwamuzi kimya. Kimya maana yake umeingia. Nikainua mkono ashuke kitini aje aione alama. Akaanza kushuka.

Na mimi, huku namsubiri, nikaifuta. Kwa kiatu! Kwetu hapa mtoto anajua kupangusa mstari kabla hajajua kushika raketi. Mguu umefanya wenyewe, mimi nimetazama tu. Mwamuzi kafika, kakuta udongo laini kama unga. "Radka, umefuta." Na kufuta, kila mtu anajua, ni kukubali mpira umeingia. Pointi ya Vendula.

Nikamwambia, "Vendi, si umeuona? Sema."

Kaangalia nyuzi za raketi yake. Akarudi nyuma kupokea.

Sikupata tena hata gemu moja.

Jumatano, 5 Juni
Otakar: mguu wako una akili kuliko wewe, umestaafu kabla yako. Utani wake wa kwanza tangu nimjue. Sikucheka.

Alhamisi, 6 Juni
Vendula kashinda tena jana. Mwenyekiti kaniita, mpole kama daktari wa meno. Ati binti kaomba mtu wa kupasha naye misuli kabla ya mechi ya leo, na kanitaja mimi. Nikauliza kanitaja kwa jina, au kasema shangazi? Hakuelewa.

Niko uwanjani, kwenye benchi. Vendula kaja, kainama, sauti ndogo: "Shangazi... ule mpira wa juzi..."

Nikasema, "Mpira upi?"

Sijui kwa nini! Mdomo nao umekuwa kama mguu. Uso wake ukafunguka palepale, akavuta pumzi, akaniletea maji bila kuombwa. Sasa yuko upande wa pili, anarukaruka. Anataka nimpigie mirefu, karibu kabisa na mstari. Ati yeye jua linampiga machoni — nimwambie mimi upi umeingia, upi umetoka.

"Shangazi, tuanze?"

Nimemwambia ngoja, namalizia kuandika.