Kadi Iliyojaa Sifuri

Jumatatu, 4 Machi

Picha yangu imetundikwa ukutani kwenye chumba cha tiba cha mwanangu. Nimeiona leo. Nimevaa gauni la bluu, natabasamu, na chini pameandikwa: "Miaka ishirini na kipandauso. Sasa miezi mitatu bila kuumwa hata siku moja." Maandishi makubwa! Hata aliyesahau miwani nyumbani anayasoma.

Uongo mtupu. Na uongo wenyewe ni wangu, si wake.

Alipomaliza masomo yake ya kunyoosha shingo na mgongo, mgonjwa wa kwanza nilikuwa mimi. Alinilaza, akakishika kichwa changu kama yai, akakizungusha kidogo — ko! Akaniuliza najisikiaje. Alinitazama vilevile kama siku aliponiletea ripoti yake ya darasa la kwanza. Nikasema nimepona. Ningesemaje?

Mwanangu humpa kila mgonjwa kadi ya kuandika siku alizoumwa. Yangu naijaza sifuri, mstari kwa mstari, kwa macho makavu. Siku za kweli ziko humu kwenye daftari hili. Mwezi uliopita: saba.

Alhamisi, 7 Machi

Kimenijia saa nne asubuhi. Kwanza vimulimuli jicho la kushoto, halafu sindano ya cherehani nikaiona mbili. Nikamwambia mteja wa suruali arudi kesho, umeme umekatika. Na taa inawaka juu ya kichwa chake! Akaitazama, akanitazama mimi, akaondoka. Nimelala na kitambaa kibichi usoni hadi jioni.

Kadi: sifuri.

Jumanne, 12 Machi

Mwalimu, jirani yangu wa mlango wa pili, ameanza kwenda kwa mwanangu. Naye ana kipandauso. Tumepeana pole miaka na miaka. Ananiambia mwanangu alimweleza wazi kwamba asiache vidonge vya hospitali, kwamba shingo ni ya kujaribu tu na wengine haiwasaidii kitu. Nikajivuna kimoyomoyo. Nimezaa mtu mkweli, sijui kamrithi nani.

Kisha mwalimu akaniinamia, anacheka.

"Lakini nimeviacha. Si na wewe huvimezi tena?"

Hapo ndipo pa kusema. Vidonge vyangu vilikuwa ndani ya kopo la vifungo, hatua moja kutoka alipokaa. Nikamwambia awasikilize wataalamu. Basi! Nikammiminia chai. Mwoga mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Mwalimu kalala siku tatu. Nimekwenda kumwona. Mapazia yamefungwa, mumewe ananong'ona. Anasema walimtoa darasani wamemshikilia, katapika mbele ya wanafunzi wake. Hospitali wamemrudishia vidonge vyake.

Akanishika mkono. Hakunilaumu — heri angenilaumu!

"Dada, wewe ulifanyaje? Mbona yangu imekataa?"

Anajilaumu yeye. Anadhani ni mto anaolalia, au anakaa vibaya akisahihisha madaftari. Nimesema pole. Pole! Nikaaga.

Roho inanisuta hata kula siwezi. Nimemvisha mwanangu kilemba cha ukoka, na aliyeumia ni mwenzangu. Kesho mwanangu anakuja kula mchana. Nitamwambia kabla hajanawa mikono. Naapa.

Jumapili, 17 Machi

Vimulimuli tangu asubuhi. Leo! Siku zote hizi, leo!

Naandika jicho moja limefungwa. Mistari inapanda na kushuka.

Alifika saa sita na nusu. Nilimsikia ananiita sebuleni, nikajikaza ninyanyuke, nikaishia kwenye beseni. Haikufichika. Akaingia, akavuta pazia lile ninaloliachaga wazi kidogo. Hakuniuliza nina nini. Aliuliza vidonge viko wapi.

Nikanyoosha kidole kwenye kopo la vifungo.

Akanipa viwili na maji. Kisha akasogea na pakiti penye mwanga wa mlangoni, akasoma tarehe. Nilichukua vidonge hivyo mwezi uliopita. Alisoma muda mrefu, kitu kifupi vile. Akaichomoa kadi yangu kwenye fremu ya kioo cha ukutani, akakaa miguuni pangu.

"Mama, leo niandike nini?"

Nikalia. Sikulia kwa maumivu. Nikamwambia nilitaka afurahi tu. Akasema anajua, kwa sauti ndogo, na mimi ningependa anifokee. Kesho anaishusha picha.

Kadi kaiacha juu ya mto, na kalamu ni hii ninayoandikia. Nimekata sifuri ya tarehe saba. Leo nimeandika: nimeumwa. Bado Februari, Januari, Desemba.

Yuko jikoni. Alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kumwambia mwalimu ukweli tutakwenda wote au aende peke yake. Anachemsha maji. Upande wa pili wa ukuta namsikia mwalimu akikohoa, kumbe ameamka. Birika limenyamaza. Anakuja, na sijamjibu.