Benchi la Nyuma na Mtu wa Kumi

Jumapili, 2 Juni 2024

Mvua. Wageni wanne tu. Nikawazungusha sinagogi letu kama kawaida — madirisha, sanduku la Torati, roshani ya wanawake, benchi la wafungwa. Thea mke wangu anasema mimi mtu akiniuliza saa humweleza saa ilivyotengenezwa. Nilifundisha historia maisha yangu yote. Nifanyeje?

Watatu walikuwa watalii wa meli. Wa nne ni Gordon Tapley, mfugaji wa kondoo kutoka bondeni, nyuma ya milima. Mikono kama sepetu. Wenzake wanapiga picha, yeye akaenda moja kwa moja kuketi benchi la nyuma.

"Hilo la wafungwa, bwana," nikamwambia.

"Ndiyo maana limenikaa vizuri."

Nikampenda hapo hapo!

Basi nikaeleza. Wayahudi wa kwanza wa Port Ellery hawakuja Tasmania kwa hiari yao. Waliletwa na pingu kutoka London. Walio huru walifuata baadaye, wakafungua maduka, wakajenga sinagogi. Siku ya Sabato wafungwa walisindikizwa na askari, wakaketi nyuma. Hawakuitwa mbele kusoma Torati. Lakini sala zetu nyingine hazisaliwi bila wanaume kumi, na wenye maduka hawakufika kumi. Basi mfungwa akahesabiwa. Heshima hakupewa, hesabu alitiwa.

"Kwa hiyo wakubwa walimtegemea mwizi ili Mungu awasikilize?" akauliza Gordon.

Hasa!

Mvua ikazidi, nikamkaribisha chai jikoni, nyuma ya ukumbi. Thea alikuwa anakoroga keki. Gordon akajitolea kupasua mayai. Akachukua glasi, akapasulia yai la kwanza humo, akaliinua dirishani, akaligeuza, ndipo akalimimina bakulini. La pili vilevile. Thea akaniangalia. Mimi nikamwangalia Thea.

"Nani alikufundisha hivyo, mwanangu?" akauliza Thea.

Bibi yake, mama wa mama. Yai lenye damu haliliwi. Yeye alidhani ni tabia ya watu wa shamba.

Mama yangu alifanya hivyo kila siku ya maisha yake, kwa sababu sheria yetu Wayahudi inakataza damu. Hakuwahi kuishi shamba.

Jumatatu, 3 Juni

Kwa kalenda ya ukutani, leo mdogo wangu Aubrey ametimiza mwaka tangu afariki. Kwa kalenda yetu bado — ni tarehe 14 ya mwezi wa Sivani, ambayo mwaka huu ni Alhamisi ya tarehe 20.

Hakuoa, hakuacha mtoto. Kadishi yake, sala ya waliofiwa, iko juu yangu. Kuisoma peke yangu haiwezekani. Kumi, au hakuna.

Tuko saba mjini, wote wenye magoti mabovu. Wapwa wa Thea wawili, Joel na Hillel, wamekubali kuja kwa ndege kutoka Melbourne. Tisa. Miaka yote wa kumi wetu alikuwa Aubrey mwenyewe. Alikuwa anafika kachelewa, anapiga kelele mlangoni: "Haya, anzeni, Mungu amewasili!" Reuben, mwenyekiti wetu, alikuwa anakasirika kila mara.

Nimempigia Gordon. Nikauliza jina la yule bibi. Clara. Na mama yake Clara? Rebeka, hajui zaidi. Nikasema asante, nikakata kabla sijaanza kueleza. Thea alipiga makofi.

Alhamisi, 6 Juni

Makaburini kwetu na Reuben Lissauer. Mtu mwema, ila hata jua likichomoza atataka mashahidi.

"Yai si ushahidi, Lionel," akasema njiani. "Hata wapishi wa hoteli hupasulia kwenye glasi."

"Na kuliinua dirishani?"

Akaongeza mwendo.

Kwetu Uyahudi hupita kwa mama. Mama wa Gordon, mama wa mama, mama yake huyo — basi tukatafuta Rebeka. Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, nikasugua kuvu kwa brashi ya kucha ya Thea (asijue). Safu ya mwisho, karibu na ukuta: Rebeka, mjukuu wa Eleazar aliyeletwa na meli, mama wa Clara.

Huyo Eleazar namjua! Aliiba kitambaa cha suti huko London. Benchi la nyuma lilikuwa lake.

Reuben alilisoma jiwe mara mbili. Kisha akaokota kijiwe akakiweka juu ya kaburi, kama desturi yetu. Hiyo ndiyo "ndiyo" ya Reuben.

Ijumaa, 7 Juni

Haraka, Sabato inakaribia na kalamu lazima niiweke, maana Sabato hatuandiki. Nimempigia Gordon kumweleza kuhusu kaburi. Kondoo wanalia nyuma yake. Akasema atafikiria. Brashi imegunduliwa.

Jumapili, 16 Juni

Gordon amekuja! Tulimpeleka kwa Rebeka kwanza. Alivua kofia, Reuben akamwambia airudishe, kwetu kofia huvaliwa. Akacheka huku anafuta macho.

Kisha akakaa jikoni, akasema anaogopa kunitia aibu.

"Mzee, mimi Krismasi nala nguruwe. Sijui sala hata moja. Nikisimama pale si nitakuwa naigiza?"

Nikamwambia Eleazar alikuwa mwizi na alihesabiwa. Hatuulizi mtu anajua nini. Tunauliza kama yupo.

Akazungusha kikombe mara nyingi. "Ndugu yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia. Mayowe ya mlangoni na yote. Thea akaongeza chai.

"Basi nitakuwepo. Niambie siku tu."

"Alhamisi," nikasema.

Nikamweleza kila kitu: wapi pa kusimama, wapi pa kuitikia "amina", kwa nini tunaelekea mashariki, kwa nini Kadishi haitaji kifo hata mara moja. Mpaka keki ikaisha. Alipoondoka Thea akasema maskini, ambacho hukummezesha ni moshi wa mshumaa tu. Nilijibu kwamba sikuacha kitu.

Jumatano, 19 Juni

Niliacha kitu.

Naandika ukumbini, koti mwilini. Nje giza limeshaingia. Joel na Hillel wamefika mchana na lazima warudi Melbourne leo hii, kesho kazini; teksi yao ya uwanja wa ndege imeshaagizwa. Reuben akatuhesabu kwa namna yetu. Sisi hatuhesabu watu kwa namba, tunamgawia kila mtu neno moja la mstari wa Zaburi wenye maneno kumi. Neno la mwisho likabaki halina mtu.

"Mfugaji wako yuko wapi?" akauliza Reuben.

"Atakuja. Nilimwambia Alh—"

 Wenzangu wanane wakaniangalia, na Thea juu ya roshani akashika kichwa.

Siku yetu huanza jua likizama. Alhamisi yetu imeanza sasa, Jumatano jioni. Kila mtoto wetu anajua. Gordon angejulia wapi? Nilimweleza mpaka mashariki!

Nikampigia. Upepo, mbwa, maji ya matope.

"Si ulisema Alhamisi, mzee?"

"Nilisema. Imeshaanza."

"Imeanza lini? Huku kwangu bado Jumatano!"

Nikaeleza kwa sentensi moja. Sijawahi. Akatukana tusi la wafuga kondoo, akasema, "Msianze bila mimi, nakuja na mabuti haya haya," akakata. Bonde liko mbali na barabara ina barafu. Kesho mchana bado ni siku ya Aubrey, lakini bila vijana wale tutakuwa wanane.

Nilimwambia Joel wasijilaumu, ndege ni ndege. Akasema, "Mjomba, keti, umechoka." Thea amegawa samaki baridi na chai. Wote wamehamia benchi la nyuma kwa sababu hita iko huko. Ndivyo wanavyosema. Reuben ameketi pale pale pa Eleazar, kisha akasogea, akaacha nafasi pembeni yake, na hapo ameweka kofia na kitabu cha sala. Amekifungua ukurasa wa Kadishi. Sikumwambia afanye hivyo.

Kuna taa za gari zinaingia uani. Ama Gordon, ama teksi. Hillel amechungulia dirishani, amerudi kuketi kando ya Joel. Makoti yao bado yapo kwenye misumari, na hakuna aliyeinuka kuyachukua.