Vinu kwenye Uwanja wa Mashine

Marahaba, mjukuu wangu Kalunde. Huku Inyonga hatujambo. Babu yako yuko porini anarina asali, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Umeniuliza nilipata wapi moyo wa kufungua injini nisiyoijua. Niliupata kwa kina mama, na nawashukuru mpaka leo.

Nilikuwa binti. Mashine ya kusaga ya baba, yenye dizeli ya mipigo miwili, iliharibika, na fundi alikuwa amehama. Mimi na kaka tukaifungua, tukaifunga. Ikawaka, tukashangilia, kumbe inazunguka kinyume, maana injini za aina ile huweza! Unga haukutoka.

Kina mama waliokuwa wakisubiri kusaga wakaondoka na mahindi yao. Nikajua basi tena. Mara wakarudi wamejitwika vinu, wakaanza kutwanga pale pale uwanjani.

"Nyie tengenezeni bila haraka," mmoja akasema. "Leo kwetu ni kande, mahindi ya kutwanga tu, hayahitaji unga."

Tukaifungua upya. Ilipowaka sawasawa, jua lilikuwa linazama na wao wameshamaliza kutwanga. Lakini kila mmoja alikuwa ametubakizia mahindi kidogo ya kusaga.

Bibi yako