Kumi ya Nthambi

Buruburu, Jumanne

Shemeji Syombua,

Machakos mmeamkaje? Huku ninachuja supu ya mbuzi wa Kiamaiko, maana dada yako Nthambi anakunywa majimaji tu tangu upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa uzito.

Nesi hupiga simu kila asubuhi kuuliza maumivu ni ngapi. Nikueleze: sifuri ni hakuna, kumi ni yasiyovumilika. Nthambi hujibu, "Tatu," na shuka limelowa jasho.

Leo nimemuuliza, "Mama Nzivo, kumi yako ni ipi?"

"Siku tuliyomzika Nzivo."

Shemeji, nimechanganyikiwa. Tatu hiyo kwa nesi ni ngapi? Nimeita teksi tumrudishe hospitali. Mpigie simu, akikuambia ni mbili, usifurahi.

Mimi shemeji yako,
Muasya