Doa la Kiwiko cha Kushoto

Tarehe 3 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Hujambo na mgongo wako? Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Binti yako ameng'oka jino la mbele na amesema shangazi aambiwe, basi nimekuambia. Mimi bado niko kiwandani, kwenye mstari wa kufungasha biskuti, mikono inanuka vanila mpaka kitandani.

Ninaandika kwa sababu simu zangu hupokei.

Wiki ile ya msiba ulinisaidia sana, siwezi kuwa mwizi wa fadhila. Lakini niliporudi kutoka makaburini nilikuta umeshafua kila nguo ya mume wangu. Mashati, soksi, taulo, hata foronya aliyoilalia usiku wake wa mwisho. Kamba nzima ya uani ilikuwa yeye, anadondosha maji. Nilijiambia: Kila mtu ana namna yake ya kulia, na wewe ni dobi, unalilia kwenye beseni.

Nguo moja tu ilisalimika, ile jezi ya kijani, kwa sababu ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku chini ya kitanda. Historia yake unaijua. Fainali, mvua inanyesha, ndugu yako yuko golini mwa timu ya Reli, anaokoa penalti ya mwisho na kuchanika kiwiko. Tangu siku hiyo jezi haikuguswa na maji. Alisema kipa akifua jezi ya ushindi anafua na bahati yake. Kila mwaka, siku ya fainali, aliivaa sebuleni akadaka mito ya kochi, mimi na binti ndio wapiga penalti. Mwaka jana alijirusha akavunja meza, akasema meza ndiyo iliyomchezea rafu.

Msiba ulipoisha nikakuta sanduku liko wazi na jezi haipo. Wifi, hiyo ndiyo nguo pekee iliyobaki na harufu yake. Naomba unirudishie. Sitauliza ilitokaje.

Wifi yako.


Tarehe 20 Machi

Wifi,

Salamu zimefika. Mgongo ni ule ule, unauma na unafanya kazi. Mwambie binti meno mapya yanakuja makubwa kama ya baba yake, asiogope.

Simu sipokei kwa sababu tungetukanana, na mimi nikianza kutukana sina breki. Kwa barua mtu anapata angalau nafasi ya kuchagua tusi zuri.

Ndiyo, jezi ninayo. Sikuiiba, mtu haibi cha kwake. Mama yetu alipofariki niliacha shule nikashika beseni, na fedha ya kwanza ya nguo za watu ilimnunulia yule mtoto viatu vya mpira. Soksi zake zimepita mikononi mwangu kabla wewe hujajua kwamba yupo duniani. Ulimkuta ameshaiva, ukala. Tena mlipooana hakumaliza misimu miwili akaacha mpira, akawa mtunza stoo anayeogopa mafua. Mke hupatikana, wifi. Ndugu wa tumbo moja hauzwi dukani.

Sasa sikia habari. Kuna bwana mmoja anakusanya vitu vya mpira wa zamani. Watu wanamwita Bwana Makabati, maana nyumba yake yote ni makabati ya vioo: viatu, medali, filimbi za marefa, kadi za wachezaji. Amenipigia simu. Anataka jezi ikae katikati ya ukumbi wake, na chini yake kibao cha shaba kilichoandikwa: Jezi ya kipa wa Reli, imetunzwa na dada yake. Dada yake, wifi. Kibao ni kidogo, watu wengine hawaenei. Ameniambia niiweke vizuri, atakuja mwenyewe mwezi ujao.

Wewe una zile kadi zake za kwenye pakiti za biskuti. Baki nazo.

Wifi yako.


Tarehe 29 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Salamu tele, na pole na mgongo. Mafuta ya kuchua nimempa mpeleka barua hii akufikishie, upake ukiwa umelala.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Umesema kweli. Wewe ndiye uliyemlea, na kibao kiandikwe hivyo hivyo. Jezi nimeiachia.

Umenikumbusha mambo ya kadi. Baada ya fainali kiwanda kilitia kadi ya mchezaji ndani ya kila pakiti, na aliyekuwa akizitia ni mimi. Siku moja ndugu yako akaja getini na katoni nzima aliyoifungua, amefura. Amempata beki wa kulia mpaka amechoka, na hajajipata mwenyewe hata mara moja. Nikamwambia kipa hapatikani kwa kununua. Kesho yake pakiti aliyouziwa dukani kwetu ilikuwa na kipa peke yake, kadi juu ya kadi. Ndivyo nilivyomkuta, kama ulitaka kujua.

Kadi moja ninayo hapa mezani. Yuko kwenye tope, amekumbatia mpira, na doa la damu kwenye kiwiko cha kushoto limekaa kama sikio la mtoto. Na hilo doa ndilo linalonisumbua, wifi. Wageni watasimama mbele ya kioo, watasoma kibao, watauliza huyu dada anafanya kazi gani. Wataambiwa ni dobi. Halafu watatazama tope la kola na doa la kiwiko. Watu hawana wema, unawajua.

Lakini najua damu ya miaka yote hiyo haitoki. Nilimuuliza mama mwenye mashine ya kufulia hapa mtaani, akaniambia hata yeye haiwezi, sembuse mtu wa beseni. Nikamjibu ndiyo hivyo, na wifi yangu asijichoshe bure.

Wifi yako akupendaye.


Tarehe 8 Aprili

Wifi,

Salamu. Mgongo umepata nafuu, mafuta yako yanaunguza kama mwenyewe.

Mwambie huyo mama wa mashine kwamba mashine haina akili. Damu ya zamani ukiitia maji ya moto umeipika, haitoki mpaka kiama. Mimi nimeilaza kwenye maji baridi na chumvi, asubuhi nikaisugua kwa sabuni ya kipande na ukucha wa kidole gumba, nikabadili maji, nikarudia, mpaka maji yakatoka kama ya kunywa. Tope la kola nimelitoa kwa mswaki. Nimeianika kivulini ili kijani kisipauke, nimeitia wanga, nimeipiga pasi. Ukiiona utadhani imetoka dukani leo. Hilo doa nakupa tochi ulitafute, ukiliona nitaacha udobi.

Asante kwa kunifikiria. Sikutegemea. Huenda mara ya mwisho nilikuandikia kwa ukali, msiba unatufanya tuwe kama paka kwenye gunia. Bwana Makabati anakuja wiki ijayo. Nimeshonesha gauni la kupigia picha.

Binti nambusu palipo na pengo.

Wifi yako.


Tarehe 27 Aprili

Wifi,

Salamu. Hujambo? Gauni lilikukaa vizuri?

Najua Bwana Makabati alikuja, na najua aliondoka na begi tupu, kwa sababu amepita kiwandani kunieleza, karibu alie. Kumbe hukujiuliza alipata wapi namba yako. Nilimpa mimi. Alikuja kwangu kwanza akiitafuta jezi, nikamwambia iko kwa wifi yangu, kisha nikamuuliza, jezi ya zamani unaijuaje kuwa ndiyo yenyewe? Akasema kwa uchafu wake. Mashati ya kijani yamejaa duniani. Yeye huweka kadi kando ya jezi, analinganisha tope kwa tope na doa kwa doa, na vikipatana ndipo anaamini. Akaniambia, Mama, waambie waiweke vizuri, na maji yasiiguse hata tone. Kwako aliishia kwenye kuiweka vizuri, akidhani mengine kila mtu anayajua. Kila mtu anayajua, isipokuwa dobi.

Ulinifulia foronya, wifi. Usiku wa kwanza wa ujane nililala juu ya sabuni yako. Nilitafuta kwenye godoro, nikatafuta ndani ya viatu, kote ulikuwa umepita. Halafu ukachukua kilichobaki, ukaniandikia kwamba mke hupatikana.

Basi nikasema, kama haiwi yangu, isiwe ya mtu. Usidhani sikujua ninachokipoteza. Ile barua tamu nilipompa mpelekaji, vidole vilikataa kuiachia, akabaki ananitazama. Nikaiachia. Niliposoma habari za chumvi na ukucha wa gumba nilicheka hadi mstari mzima wa biskuti ukageuka kunitazama, na biskuti zikapita bila pakiti. Nilikuwa sijacheka tangu afe. Nimefurahi, wifi, na ninaandika hivyo makusudi ili ujue nimefurahi.

Mwosha huoshwa. Tundika ukutani, ni shati zuri la kijani.

Mke wa ndugu yako.


Tarehe 1 Juni

Mke wa ndugu yangu,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nangoja hasira ipoe. Haikupoa, basi naandika nayo.

Kweli alikuja. Nilikuwa nimevaa gauni, nimetandika kitambaa cheupe mezani na jezi juu yake. Akatoa kadi yake kwenye mfuko, akailaza kando ya mkono wa kushoto. Akatazama. Akaugeuza mkono, akatazama tena. Akaniuliza, Mama, umeifua? Nikamjibu kwa fahari, ndiyo, na doa lilikuwa kaidi lakini nimelishinda. Akavua miwani. Nilidhani anakosa maneno ya kunisifu. Akasema, Umeifua fainali yote, Mama. Akaondoka na chai yake ikabaki imejaa.

Mimi nikasema huyu bwana ana wazimu, anataka uchafu. Kisha barua yako ikaja. Nilipoisoma niliiacha pasi juu ya shati la mwalimu mkuu, likaungua mgongoni. Umenipiga pazuri, siwezi kukataa. Kwingine kote nimeshakomaa, ukatafuta kazi yangu.

Habari ya foronya sikuijua. Nilidhani nakupunguzia kazi, maana mimi nikiwa na uchungu siwezi kuona nguo chafu imekaa. Kwa hilo unisamehe. Lisome vizuri, kwa sababu sitaliandika tena.

Ndani ya kifurushi hiki kuna jezi. Ichukue, ni safi. Sasa igeuze ndani nje, utazame bitana, kile kitambaa cha ndani, chini ya kwapa la kulia. Utaona pamekatwa kipande, ukubwa wa ile kadi yako.

Wewe unafungasha biskuti, udobi huujui. Dobi hatii sabuni kwenye nguo asiyoizoea. Kwanza anakata kipande kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki, anakijaribu pembeni aone kama rangi itakimbia. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofanya. Nikakata. Nilipokisogeza karibu na beseni kikanuka yeye. Jasho lake, dawa yake ya kuchua misuli, na vanila. Hiyo vanila ilinikera sana, nikajua imetoka wapi. Lakini nilisimama pale na kipande puani mpaka chumvi yote ikayeyuka kwenye beseni, na kukitia majini nikashindwa. Jezi nikaifua, kwa sababu ya huyo mama wako wa mashine. Kipande nikakificha.

Kiko ndani ya kopo la peremende, kifuniko kimekaza. Jumapili nakifungua kidogo, nanusa, nafunga.

Hicho sikuletei. Uliandika kwamba kama haiwi yako, isiwe ya mtu. Imekuwa yangu. Usiku ukilala, ujue kwamba mumeo yupo, yuko kwenye kabati langu, nyuma ya sabuni, na ufunguo ninao mimi. Nawe sasa una shati la kijani.

Ila harufu haidumu, na hilo nalijua kuliko wewe. Kila nikifungua kopo inapungua. Ukitaka kuikuta, njoo na binti kabla haijaisha. Nyumba unaijua. Uje na ile kadi, maana doa lile nililitoa kwa ukucha wangu mwenyewe na sasa sina pa kulitazama. Utabisha hodi, nitakusikia, na nitakuacha usimame mlangoni mpaka nimalize pasi. Siku hiyo nitahakikisha nina nguo nyingi.

Wifi yako.